Bwana Tena wa Kinanda cha Kihesa

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kinanda lilikuwa kurudi mwanzo. Nikikosea kibao kimoja, hata kama ni katika neno la mwisho la ubeti wa mwisho, nilisimama, nikavuta pumzi, nikaanza upya. Mimi niliamini huo ndio uaminifu. Waumini wa Kihesa waliamini ni ugonjwa, na sasa naona walikuwa karibu na ukweli kuliko mimi.

Ninawaandikia ninyi wawili mliokabidhiwa kile kiti baada yangu. Najua mtacheka kwamba mtu ambaye hajafikisha miaka thelathini na mitano anaandika kumbukumbu za kustaafu kama jemadari. Lakini wazee wa kanisa waliniaga kwa chai, maandazi na hotuba tatu, na mtu akishahutubiwa mara tatu amestaafu, atake asitake. Habari za vyeo sitazileta, kwa kuwa cheo kilikuwa kimoja tu, kiti chenyewe, nacho kina mguu mfupi. Mshahara pia siutaji, kwa sababu hata kanisa halikuwahi kuutaja.

Nilianza mapema nikaacha mapema. Shule ya misheni niliyosoma ilikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kama hicho chenu: unakanyaga, mivukuto inavuta upepo, upepo unapita kwenye ndimi za shaba, nazo zinalia. Kazi yangu ilikuwa kukipangusa vumbi. Mpangusaji akiachwa peke yake, kitambaa hupata mapumziko marefu. Nilijua kupanda kutoka do hadi do kabla sijajua kugawanya.

Kisha ikatangazwa kwamba mkaguzi wa shule anakuja. Mwalimu wetu wa kwaya alitupanga mistari akapita akitusikiliza mmoja mmoja, kama mnunuzi wa mbuzi anayefungua midomo kutazama meno. Alipofika kwangu alisikiliza, akasogea, akasikiliza tena.

"Lutengano," akasema, "siku ya mkaguzi wewe fungua mdomo tu. Sauti baki nayo."

Nilibaki nayo. Mkaguzi alikuja, akatupongeza, akaondoka, na hakuna aliyeniambia kwamba agizo limekwisha. Mimi ni mtu wa kutii kupita kiasi. Ni udhaifu, msiuite adabu. Tangu siku hiyo mpaka nimekuwa mtu mzima niliingia ibadani nikifungua na kufunga mdomo kama samaki aliyetupwa ufukoni mwa ziwa. Kinanda nacho nikakiacha, nikakihesabu kuwa mali ya watu wenye sauti.

Nilikirudia Mbeya, na si kwa sababu ya wito wowote. Mwaka ule Malkia mpya wa Waingereza alipotawazwa huko kwao, na sisi makarani tukapewa vikombe vyenye picha yake ili tusijisikie tumesahauliwa, nilikuwa nakata tiketi katika ofisi ya mabasi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la mablanketi na vitambaa la Mzee Shomari, ambaye babu yake alipanda huku na misafara kutoka Bagamoyo. Kiswahili chake kilitufanya sisi watu wa bara tujisikie tunatafuna mawe. Siku hizo dhahabu ya Chunya ilikuwa imewachosha Wazungu wake. Hoteli moja ya huko ilifungwa, vitu vikapigwa mnada, na Mzee Shomari akaenda kununua vitanda. Vitanda viliuzwa pamoja na kioo kilichopasuka na piano ambayo hakuna aliyeitaka. Ilifika juu ya lori imejaa vumbi jekundu hadi tumboni, na alipofungua kifuniko alitoka panya, akatazama ukungu wa Mbeya, akarudi ndani.

Mzee Shomari aliisukuma ukutani akapanga mablanketi juu yake. Siku moja nilikwenda kununua shuka, nikaiona, nikasimama.

"Mzee, hii inauzwa?"

"Kila kilichomo humu kinauzwa, bwana mdogo, isipokuwa mimi na hilo sanduku. Mimi hanitaki mtu, na hilo hana nguvu mtu wa kulibeba."

"Naweza kuigusa?"

"Gusa. Ila mablanketi yangu usiyaguse."

Niligusa kibao kimoja. Kililia kwa sauti ya sufuria iliyoangushwa kisimani, lakini kililia do, na mimi niliitambua do ile kama mtu anavyomtambua ndugu aliyenenepa. Tukakubaliana kwamba nitakuja nikitoka kazini, nipige mpaka magharibi, saa yake ya kufunga duka aende msikitini.

Sikuwa na mwalimu wala kitabu cha kufundishia. Nilikuwa na kitabu cha nyimbo cha kanisa chenye herufi za do re mi juu ya maneno, na gundi ya ofisi. Nilikata vijikaratasi, nikaandika do, re, mi, fa, so, la, ti, nikavibandika juu ya vibao vyeupe. Vibao vyeusi nilivipita. Joto la Chunya lilikuwa limekausha mbao na unyevu wa Mbeya ukazivimbisha, kwa hiyo vyeusi karibu vyote vilikwama. Nami sikushangaa. Vilikuwa vyembamba, vimewekwa nyuma, na hakuna aliyenieleza kazi yake. Nilikuwa nimeishi Tanganyika muda wa kutosha kuuona mpangilio huo ni wa kawaida.

Basi nikajifunza. Nikikosea, narudi mwanzo. Kwa kuwa nilikosea kila jioni, na kwa kuwa magharibi haikosi kuja, msimu mzima wa mvua sikuufikia mwisho wa wimbo hata mmoja. Nilijua mianzo mingi sana. Mzee Shomari alikaa nyuma ya meza yake akikunja vitambaa, na siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Karani, nikuulize jambo la kazini kwako. Lile basi lenu la Chunya likikanyaga shimo, dereva hulirudisha Mbeya aanze safari upya?"

"Hapana, mzee."

"Basi elewa kwamba abiria wako wamechoka."

"Abiria gani, mzee? Niko peke yangu."

"Na mimi je? Nimepanda gari hili tangu mwezi wa kumi na mbili, sijaona hata mlima wa kwanza."

Nilicheka kwa heshima na kurudi mwanzo. Ninyi mtakaofundisha wengine, jueni kwamba mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa na mwanafunzi mmoja tu, na mwalimu wake ana ukali mwingi kuliko ujuzi.

Ofisi ikanihamishia Iringa, nikapanga chumba Kihesa. Kinanda cha kanisa kilikuwa kimekaa bila mtu tangu mke wa mchungaji Mzungu aliporudi kwao. Jumapili ya pili baada ya kufika kwangu, Mzee Mgaya, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, aliuliza kama yupo kati ya wageni ajuaye kupiga. Nilinyanyua mkono. Ni mara ya mwisho nimenyanyua mkono bila kufikiri.

Siku ya kwanza nilikwenda mapema kukikagua. Mkanda wa kanyagio la kushoto ulikuwa umekatika, nikaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na mpaka leo umo. Panya walikuwa wametoboa mvukuto mmoja, nikauziba kwa ngozi ya kiatu na gundi. Tumbaku kavu ndani ya kasha huwafukuza panya kuliko paka, kwa sababu paka hulala. Nilibandika vijikaratasi vyangu. Nilifurahi kuona vibao vyeusi hapa havijakwama, nikavipangusa vumbi, nikaendelea kuvipita.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni Bibi Sekalinga.

Ninyi mmemkuta amepunguza ukali. Wakati ule alikaa benchi la mbele upande wa wanawake, mfuko wa ugoro kifuani, na alikuwa ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Mnajua desturi. Mchungaji akitaja wimbo, mama mmoja huuinua kwa sauti aliyoamka nayo siku hiyo, na kanisa zima humfuata hukohuko alikokwenda. Siku ya baridi huanzia chini, siku ya jua huanzia juu. Hakuna anayeuliza. Mke wa mchungaji alikuwa na busara ya kumsikiliza kwanza, kisha kumfuata. Mimi sikuwa na busara hiyo, na hata ningekuwa nayo nisingeweza, kwa sababu do yangu ilikuwa moja tu, imebandikwa karatasi. Mtu akiimba nje ya do hiyo, mimi nilikuwa kama karani aliyeulizwa tiketi ya kwenda mji usiokuwemo kwenye orodha ya ukutani.

Jumapili ile nilianza. Bibi Sekalinga akaanza. Tukawa watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mmoja upande wake. Nilisimama, nikageuka.

"Samahani, Bibi. Tusubiri kinanda."

Vichwa vyote vikageukia benchi la mbele. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia asubiri tangu azaliwe.

"Mwanangu," akasema, "Mungu hana haraka. Lakini sisi tumeanika mahindi."

Nilianza tena, katika do yangu, ambayo kwa wanaume wa Kihesa ilikuwa juu kama dari. Walipanda nayo kwa shida, shingo zimetoka mishipa. Nilikosea ubeti wa pili, nikarudi mwanzo. Tukaimba ubeti wa kwanza mara nyingi hivi kwamba watu waliokuwa hawajui kusoma waliushika kwa moyo. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa na jina jipya. Sokoni akina mama waliniita Bwana Tena. Nilijifanya sisikii, na nyumbani nilifanya mazoezi juu ya meza, vidole vikigonga mbao, mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nina degedege.

Nitakuja kwenye harusi, ingawa ningependa kuiruka.

Mjukuu wa Bibi Sekalinga aliolewa wakati wa masika. Mnajua bibi harusi wa kwetu anavyoingia: macho chini, hatua za kinyonga, mtu asije akadhani ana hamu. Shangazi yake, aliyemshika kiwiko, alikuwa amempa maagizo mepesi. Kinanda kikilia, tembea. Kikinyamaza, simama. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya wimbo ule kwa wiki kadhaa. Bibi harusi akatia mguu mmoja mlangoni. Nikakosea. Nikanyamaza. Akasimama. Nikaanza upya, akanyanyua mguu wa pili, nikakosea palepale, akaushusha.

Mvua ilikuwa inanyesha. Nusu yake ya mbele ilikuwa kanisani na nusu ya nyuma chini ya tone la paa. Bwana harusi alikuwa amesimama mbele akitazama mlango kama mtu anayengoja basi letu. Nilianza tena. Nilisikia watu wakiguna, na kila mguno ulinikosesha kibao kingine. Nawaambia ukweli: sikumwona yule binti analowa. Niliona kibao nilichokosea.

Bibi Sekalinga akainuka benchini.

"Karani," akasema bila kupaza sauti, "mjukuu wangu atazeekea mlangoni."

Kisha akauinua wimbo mwenyewe, katika sauti yake, na kanisa zima likamvuta bibi harusi ndani kama watu wanaovuta gari kutoka matopeni. Mimi nilikaa mikono mapajani mpaka amina.

Wazee walinikalia kikao. Mzee Mgaya ni mtu mpole, na mtu mpole akileta hukumu huifunga kwa majani mengi. Alisema wamekaa, wameomba, wametafakari, wameona kinanda kiende stoo, kwenye mbegu za mahindi, "kipumzike".

"Na mimi, mzee?"

"Wewe utakuwa muumini kama sisi. Utakaa na wanaume. Utafungua kitabu."

Alisema utafungua kitabu, lakini mimi nilisikia utafungua mdomo. Nilijiona tena kwenye ule mstari wa shule. Mtu anaweza kufukuzwa kwenye wimbo mara moja akasema ni bahati mbaya. Akifukuzwa mara ya pili inakuwa ni habari juu yake. Nilisema maneno ambayo sikuyapanga. Niliwaomba ibada moja zaidi, na kama nitasimama katikati hata mara moja, nitakibeba kinanda mwenyewe hadi stoo.

Wazee walitazamana. Bibi Sekalinga, aliyeitwa kwa niaba ya akina mama, alikuwa ananusa ugoro. Nilijua yeye ndiye atakayenimaliza.

"Mpeni sikukuu ya mavuno," akasema. "Siku hiyo kuna kuku wengi kanisani. Watamsaidia kelele."

Nilichukulia kama tusi, na lilikuwa tusi, lakini lilinipatia ibada.

Kabla ya sikukuu nilikwenda nyumbani kwake. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikamsalimu kwa Kihehe, kamwene, naye akajibu kamwene bila kuinua macho, akanisogezea magunzi nikae juu yake.

"Bibi, nimekuja kuomba jambo. Siku ya mavuno naomba usubiri sauti yangu kwanza, uichukue hiyohiyo."

"Iko wapi hiyo sauti yako? Niimbie niisikie."

"Siimbi, Bibi. Napiga tu."

Hapo akainua macho.

"Huimbi?"

"Mwalimu wa shule alinikataza."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Alifariki, zamani."

"Basi," akasema, akirudia mahindi yake, "hata huko aliko hawezi kukusikia. Unamtii nani?"

Nilimpigia mluzi sauti ya do yangu. Alijaribu, akakohoa, akasema koo lake si redio, haliwezi kuzungushwa, lakini atajitahidi. Niliondoka nimeridhika. Mtu mwoga huridhika haraka na ahadi yoyote.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa mahindi, maboga, mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu. Palikuwa na baridi ile ya Iringa inayoingia kwenye mifupa ya mkono. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Mchungaji akataja wimbo wa mavuno. Nikakanyaga, nikatoa do yangu, nikamtazama Bibi Sekalinga, naye akanitazama. Akafungua mdomo, akaimba chini kabisa, mahali ambapo mimi sikuwa na karatasi.

Baadaye aliniambia hakukusudia. Alisema ni baridi. Ninyi mnamjua, amueni wenyewe.

Kanisa likamfuata. Nilipiga mstari wa kwanza katika do yangu dhidi ya watu mia kadhaa, na ilisikika kama mtu anayegombana na mto. Mstari wa pili nikakosea, hata katika do yangu mwenyewe. Mikono ikanyanyuka. Ilikuwa imezoea, ilinyanyuka kabla sijaiamuru. Nikamwona Mzee Mgaya akifumba macho taratibu, kama mtu anayesubiri kudungwa sindano.

Lakini safari hii hakuna aliyesimama kunisubiri. Waliendelea. Walikuwa wameshanizoea kiasi cha kutohesabu kuwepo kwangu, na hiyo, ndugu zangu, ndiyo iliyoniokoa. Nikiwa nimening'iniza mikono hewani na miguu ikiendelea kukanyaga kwa woga tu, niliushusha mkono wa kushoto niupumzishe, nao ukaangukia kibao cheusi.

Kikalia, na hakikugombana na mtu.

Nilibaki nimekibonyeza. Kila mstari ulipokwisha, wimbo ulirudi ukakaa juu ya sauti ile, kama ndege wanaorudi tawi moja. Nikaelewa kwamba hii ndiyo do yao ya leo. Haikuwa na karatasi. Nilitaka kutafuta re, nikaogopa kuipoteza do. Basi sikutafuta chochote. Nilibonyeza kibao kimoja cheusi, nikakanyaga, ubeti wa pili, wa tatu, wa nne. Jogoo akawika, hakuna aliyejali.

Katika ubeti wa tatu niligundua kwamba ninaimba. Sikuamua. Vidole havikuwa na kazi, na nadhani woga wangu wote huwa umekaa vidoleni. Vilipopumzika, koo likafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ina kutu, na mwalimu wangu hakuwa amekosea sana. Lakini ilikuwa ndani ya nyingine mia kadhaa na haikumuumiza mtu. Tulifika amina. Nilikuwa sijawahi kufika amina ya wimbo nikiwa nao pamoja, tangu utoto.

Nje, kabla ya mnada wa maboga, Mzee Mgaya alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karani, inaonekana umefanya mazoezi sana."

"Nimejitahidi, mzee."

"Leo umepiga vizuri. Kimya, kwa adabu. Kinanda kibaki."

Nimepokea sifa hiyo mara moja katika kazi yangu yote, na niliipata kwa kupiga sauti moja. Miezi yote ya kujitesa, vidole vilivyochubuka kwenye meza, na kilichowafurahisha ni kwamba hatimaye nimeacha kuwasumbua. Nilikwenda nyumbani nikalala mchana kutwa. Nilipoamka hasira ilikuwa imekwisha, nikabandua vijikaratasi vyote kwa maji ya moto. Mtaona mabaki ya gundi bado. Msiyakwangue kwa kisu, yatatoka na ngozi ya kibao.

Baada ya hapo ndipo nilipojifunza kazi. Nilikwenda kanisani asubuhi kabla ya ofisi, nikatafuta do katika kila kibao, cheupe na cheusi, na kutoka hapo nikapanda. Ilinichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Jumapili nilimwacha Bibi Sekalinga aanze. Nikisikia neno la kwanza natafuta sauti yake kwa kidole kimoja, polepole, chini chini. Nikiipata naongeza mkono wa kulia. Nisipoipata nabaki na kidole. Fanyeni hivyo hivyo. Msione haya kidole kimoja. Kina heshima zake.

Jina la Bwana Tena halikuondoka. Hata siku ya kuniaga, mmoja wa wahutubiaji alinitaja hivyo kwa upendo mkubwa, akasahau jina langu la ubatizo. Hotuba ya tatu ilikuwa ya Bibi Sekalinga, nayo ilikuwa fupi kuliko zote.

"Alikuja hajui kumaliza. Sasa anajua. Basi aende."

Ofisi ilikuwa imenihamishia Chunya. Njiani nililala Mbeya nikaenda kumsalimu Mzee Shomari. Piano ipo palepale chini ya mablanketi, nusu imeliwa na mchwa.

"Unakwenda Chunya? Basi irudishe kwao, nakupa bure. Ubebe mwenyewe tu."

"Basi letu halitakubali, mzee."

"Jaribuni," akasema. "Likikataa njiani, mtarudi mwanzo."

Hapa Chunya hakuna kinanda. Tunasali katika darasa la shule, wakulima wa tumbaku, wachimbaji wachache ambao bado wana matumaini na dhahabu, na vumbi. Walikuwa wametangaziwa kwamba mpiga kinanda anakuja, kwa hiyo Jumapili ya kwanza wimbo ulipotajwa walinigeukia wote, na mimi nina mikono mitupu. Hakukuwa na Bibi Sekalinga wa kuanza. Nikaanza mimi.

Nilianza juu mno. Nililijua kosa kabla mstari wa kwanza haujakwisha. Mchimbaji mmoja aliyesimama kando yangu aliniinamia kati ya ubeti na ubeti, shingo imemtutumka.

"Karani, umetupandisha mlima huu, hatushuki?"

"Hatushuki," nikamwambia. "Twende."

Tulikwenda. Ilikuwa mbaya, na wote tulifika. Zamani nilikuwa nikikosea nasimama na kurudi mwanzo, na sikuwa naimba. Sasa naimba, na nikikosea naendelea mpaka mwisho.